Kiti Namba Hamsini na Tatu

Jumamosi iliyopita tulimzika Bi. Rahab Wangari, mwalimu mkuu wangu wa kwanza, katika shamba lake dogo upande wa Dagoretti, na baada ya mazishi tukapewa wali na nyama chini ya hema la kukodi. Nilijikuta nimeketi na Okumu, mwalimu mwenzangu wa zamani, ambaye siku hizi hasikii vizuri na kwa hiyo hunong'ona kwa sauti ya kusikika hema zima. "Huyu mama alikutoa jasho mwaka ule, Wekesa! Na bado umekuja kumlilia!" Wajukuu wa marehemu wakageuka kututazama. Nilimwambia ale wali wake kabla haujapoa. Kweli Madam, maana sote tulimwita hivyo, alinitoa jasho. Lakini nimezeeka sasa, na nikiwa peke yangu sikumbuki jasho lile kwa hasira. Nakumbuka kwa aibu kwanza, halafu kwa kitu kingine ambacho sijakipatia jina. Nilirudi nyumbani nikaona heri niiandike habari hii jinsi ilivyokuwa, kabla Okumu hajaisimulia kwa mtindo wake.

Ulikuwa mwaka ule karo ya madarasa ya chini ilipofutwa. Desemba nilikuwa weita wa hoteli, Januari nikawa mwalimu, na katikati hapakuwa na mafunzo yoyote ila kunyoa nywele. Hoteli yenyewe ilikuwa katikati ya jiji, nami nilikuwa nimeihudumia miaka sita. Msimamizi wetu, mzee mmoja wa Meru mwenye mgongo ulionyooka kama ufagio, alitufunza sheria moja iliyozidi zote: usimtazame mgeni usoni. Uso unachanganya, alisema. Mgeni atavaa miwani, atavua koti, atajificha nyuma ya gazeti, lakini kiti hakibadiliki. Basi kila meza ilikuwa na namba na kila kiti kilikuwa na namba, unahesabu kuanzia kile kilicho karibu na mlango, ukizunguka. Oda uliibeba kichwani kwa viti: tatu, samaki, nne, mayai bila chumvi, tano, bado anafikiri. Nilikuwa hodari, sisemi uongo. Ningebeba oda za watu thelathini bila karatasi, na ungeniuliza kama yeyote kati yao alikuwa na ndevu nisingejua.

Weita aliyefunzwa vizuri ni kama hayupo, na watu huongea mengi mbele ya mtu asiyekuwepo. Ndivyo nilivyosikia, birika la kahawa mkononi, mabwana wawili wa serikali wakilalamika kwamba Januari watoto watafurika mashuleni na walimu hawatoshi. "Tuchukue yeyote mwenye cheti cha kidato cha nne," mmoja alisema. "Hata hawa," akajibu mwenzake, akinielekezea kijiko bila kuinua macho, "kama wanacho." Wakacheka. Mimi nilikuwa nacho. Kilikuwa chini ya godoro langu, ndani ya bahasha, na kwa miaka sita kilikuwa hakijanisaidia kitu ila kuzuia vumbi. Nilimwaga kahawa kwenye kisahani, kosa ambalo sikuwa nimelifanya tangu wiki yangu ya kwanza, na siku yangu ya mapumziko nikapeleka barua ya maombi nikiwa bado na hasira. Watu wakiniuliza leo ni wito gani ulioniita kwenye ualimu, huwa nawapa jibu la kanisani. Ukweli ni kwamba niliitwa na kijiko.

Binamu yangu Wafula, fundi wa kuchomelea vyuma tuliyeishi naye chumba kimoja mtaani Satellite, alikataa kulizungumza jambo hilo nyumbani. Alinipeleka Kenyatta Market, akaagiza mbavu, akangoja hadi zikatwe na chumvi imwagwe pembeni ndipo akaanza. "Wee Wekesa, uko mgonjwa? Pale unakula nyama ya bure, unavalishwa nguo nyeupe ya bure. Sasa utakula nini? Chaki?" Nilimwambia nitakuwa mwalimu. "Mwalimu bila training ni mwalimu gani? Ni contract ya mwaka moja hiyo. Desemba watakwambia kwaheri, na hoteli washaweka mtu mwingine." Nilimwambia wanaofanya vizuri hupelekwa chuo. "Wangapi?" Sikuwa najua. Alinikatia ubavu mmoja. "Haya," akasema, "kula basi, maana hii ndiyo ya mwisho." Alikuwa mtu wa maneno makali na moyo laini, na mwaka ule wote ndiye aliyenunua unga.

Jibu la swali la Wafula nililipata siku ya kwanza. Ofisi ya Madam ilikuwa chumba cha mabati pembeni mwa shule, pale Kangemi, chenye harufu ya wino na sare mpya. Hakuniambia niketi. "Mwalimu Wekesa, niko na walimu sita hawajasomea kazi, na nafasi ya chuo ni moja. Inspekta atakuja muhula wa pili. Akiridhika, na mimi nikitia sahihi, utaenda chuo Januari. Asiporidhika, Desemba tunaagana. Uko na swali?" Sikuwa nalo. "Jambo la pili. Rejista. Mtoto akikosa wiki mbili, unakata jina na wino nyekundu, na kiti inaenda kwa mwingine. Usinihurumie mtu. Angalia nje." Nikaangalia. Kwenye ua wa shule walikuwa wamesimama akina mama labda arobaini, kila mmoja ameshika mkono wa mtoto aliyepakwa mafuta hadi magotini, wakingoja kiti. Walikuja hivyo kila Jumatatu, mwaka mzima.

Nilipewa darasa la pili: watoto themanini na wanne kwenye madawati ishirini na moja, yaliyotengenezwa kwa watoto wawili wawili. Siku ya kwanza kuita majina kulikula nusu saa, na nilipofika mwisho, wa mwanzo walishaanza kupigana. Siku ya pili nikafanya lile nililolijua. Nilichukua chaki nikaandika namba mbele ya kila kiti, nikianzia mlangoni na kuzunguka. Moja hadi themanini na nne. Asubuhi nilipita katikati ya madawati bila neno, nikitazama viti. Penye pengo nilitia sufuri, pasipo na pengo nikatia alama, na kwa dakika mbili rejista ilikuwa imekwisha. Niliwaita hivyo hivyo pia: "Kumi na saba, futa ubao. Sitini, nyamaza." Watoto walipenda, au nilidhani walipenda. Madam alisimama mlangoni siku moja akatazama, na kwenye mkutano wa walimu akasema wengine waje kwangu wajifunze. Okumu alinichukia kwa wiki nzima. Mimi nilitembea kifua mbele kutoka Kangemi hadi Satellite, nikijiambia kwamba kumbe ualimu si kitu, ni meza kubwa tu.

Muhula wa kwanza ulipita hivyo, na Mei ya muhula wa pili nayo. Jumapili moja ya Juni, kwenye ile baridi ya Nairobi inayouma meno, nilikuwa nikitoka mjini kwa miguu kupitia Lavington, kwenye zile nyumba zenye ua wa michongoma na majibwa. Nyuma ya lango moja alisimama msichana amembeba mtoto mnene mgongoni, mtoto aliyekaribia kumzidi uzito. "Good morning, teacher," akasema, ingawa ilikuwa alasiri. Nikamtazama. Sikumjua kabisa. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni fifty-three, mwalimu."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia hamsini na tatu alikuwa darasani juzi Ijumaa, nilimtia alama kwa mkono wangu. Aliangalia nyuma, kule nyumbani, akasogea karibu na vyuma vya lango. "Huyo ni Nyokabi, mdogo wangu. Mama alimweka anishikie kiti. Mimi ni Felista." Tangu lini? "Tangu tufungue shule hii term." Nilihesabu kichwani: wiki sita. Wiki sita nilikuwa nimetia alama mbele ya jina la Felista Muthoni, na sahihi yangu chini ya ukurasa kila Ijumaa, na Felista Muthoni mwenyewe alikuwa hapa akilea mtoto wa watu. "Mwalimu, usinikate," akasema. "Mama mguu ikipona nitarudi. Usinikate, tafadhali." Sauti ya mwanamke ikaita kutoka ndani, naye akageuka akakimbia, kichwa cha yule mtoto kikirukaruka begani kwake. Nilibaki nimeshika lango. Kilichoniuma zaidi si rejista, hiyo iliniuma baadaye. Ni kwamba alikuwa ameketi mbele yangu miezi mitatu, na alijua kabisa kwamba nikitajiwa namba ndipo nitamkumbuka.

Jumatatu nilimtazama huyo aliyeketi hamsini na tatu. Kwa mara ya kwanza nilimtazama. Alikuwa mdogo kuliko jirani zake kwa kichwa kizima, sweta limemfika magotini, meno mawili ya mbele hayapo. Mtoto wa miaka sita. Kipofu angemwona. Baada ya masomo nilimwambia anipeleke kwao, akatangulia bila kuuliza kwa nini, akitembea haraka, na kila baada ya hatua kumi aligeuka kuhakikisha bado nipo.

Mama yao alikuwa ameketi kitandani, mguu umefungwa vitambaa hadi gotini. Alikuwa akiuza uji kwa vibarua asubuhi, na sufuria ilikuwa imempindukia. Chumba kilikuwa safi mno: kitanda, jiko la makaa, picha ya Bwana Yesu iliyokatwa kwenye kalenda. Alijua nimefuata nini. Alimwamuru Nyokabi aniletee maji ya kunawa, akanipakulia githeri yenye viazi vingi kuliko walivyoweza kumudu, akangoja nianze kula kabla ya kusema, sawa kabisa na Wafula. "Mwalimu, wewe si huteka maji kwa mfereji kama sisi? Ukikuta maji haijakuja, si unaweka debe yako kwa laini, unaenda kutafuta kazi? Kuna mtu hutoa debe ya mwenzake?" Nikasema hakuna. "Basi. Kiti ya Felista ingeenda. Nimeweka huyu hapo kama debe. Mwenyewe akija, debe inatoka. Si wizi." Nyokabi alikuwa akichochea makaa, ametugeuzia mgongo, lakini masikio yake nayaona hadi leo. "Huyu hata shule hajui ni nini," mama akaongeza. "Anashika tu." Nilitaka kumwambia kwamba wiki iliyopita huyu anayeshika tu ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua hesabu ya kutoa kwa kuazima. Badala yake nilimaliza sahani. Na ukishamaliza sahani ya mtu katika hali ile, umekwisha kumpa neno lako.

Nimejiuliza mara nyingi ilikuwa huruma au woga. Nikimshitaki Nyokabi, Felista anakatwa, na mmoja wa wale watoto waliopakwa mafuta anaingia. Huo ndio upande wa huruma, na ni wa kweli. Lakini nikimshitaki Nyokabi, mimi pia nimejishitaki, kwa sababu mwalimu aliyetia sahihi rejista ya uongo wiki sita hapelekwi chuo, anapelekwa nyumbani. Huo nao ni wa kweli. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hawakusema ina mawe kiasi gani. Kila asubuhi nilipopita dawati lile nilibana pumzi. Nilimwepuka Madam hadi nikawa nazunguka nyuma ya vyoo nisipite mbele ya ofisi yake. Na yule mtoto, badala ya kukaa kimya kama debe, alizidi kuwa hatari: mkono wake ulikuwa juu kwa kila swali. Nilijaribu kutomchagua. Alikuwa akiunyosha hadi makalio yanatoka kwenye benchi, akinong'ona "mwalimu, mwalimu", na mimi namwita arobaini asiyejua lolote. Jioni moja Wafula aliniambia nimekonda. "Nilikwambia chaki haina vitamini," akasema, halafu, alipoona sikucheka, akanisogezea sufuria.

Mkaguzi alikuja Julai. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kalamu tatu mfukoni na viatu vilivyotoa sauti. Madam aliingia nyuma yake na kusimama kando ya ubao. Nilifundisha kuzidisha kwa tatu na sijui nilisema nini. Kisha mkaguzi akachukua rejista mezani, akafungua, akateremsha kidole juu ya majina polepole, na mimi nikajua kitasimama wapi kabla hakijasimama. "Felista Muthoni. Simama utusomee."

Nyokabi alisimama. Alipanda juu ya benchi ili aonekane, jambo ambalo hakuna aliyemwambia afanye, akashika kitabu kwa mikono miwili akaanza kusoma. Alisoma ukurasa ule wote. Alipofika mwisho hakukaa, akafungua wa pili, akaendelea na hadithi ya yule sungura aliyejificha ghalani, akibadilisha sauti ya sungura na ya mwenye ghala, hadi darasa likaanza kucheka mahali pa kucheka. Mkaguzi aliweka kalamu chini. "Una miaka mingapi?" "Tisa," akasema Nyokabi, na "s" ikapita kwenye pengo la meno kama filimbi. Mkaguzi aliuangalia mdomo ule. Akaniangalia mimi. Jasho lilinitiririka kutoka kwapani hadi kwenye mshipi. Watoto themanini na watatu walikuwa wanajua, wote, na hakuna aliyepumua. Halafu sauti ya Madam ikatoka kando ya ubao, tulivu kabisa: "Huku watoto hawakui haraka, Bwana Mkaguzi. Ni lishe." Mkaguzi akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaandika kwa muda mrefu. "Nitarudi Novemba," akasema, "nimsikilize huyu tena."

Mchana Madam aliniita ofisini. Alimimina vikombe viwili vya chai, na kwa mara ya kwanza akaniambia niketi. Siri ya mtungi aijuaye kata. Nilielewa kabla hajafungua mdomo kwamba alikuwa anajua, na huenda alijua kabla yangu. "Mwalimu Wekesa," akasema, "siku nitafungua rejista moja, itabidi nifungue zote. Unafikiri ni kwako peke yake? Mama mgonjwa, msichana anaenda kufanya kazi, mdogo anaketi. Mimi nimezaliwa hapa, nawajua. Nikifungua, watapunguza walimu, na wale mama wa kwa ua watangoja mpaka wazeeke. Kwa hivyo sijui kitu, na wewe hujui kitu. Lakini inspekta ameandika hiyo jina. Novemba lazima akute huyo mtoto, kwa hiyo kiti, na hiyo jina. Tumeelewana?" Nikasema tumeelewana. "Basi kunywa chai." Nilikunywa. Nilitoka nje nikiwa mwepesi, nataka kuimba, na nilipofika kwenye mto wa kuvuka kwenda Kawangware ndipo nilipokumbuka kwamba kuna msichana aliyeniomba nisimkate.

Barua ya chuo ilifika mwanzoni mwa muhula wa tatu. Jina langu lote limepigwa taipu, nafasi yangu ipo, nifike Januari na blanketi. Wafula aliisoma mara mbili, akaenda kununua kuku mzima, akawaita majirani. Niliitembeza barua ile ndani ya koti kila siku kama kitambulisho. Wafula alipoinua glasi ya soda na kusema, "Nilikosea, huyu ni mwalimu kweli," nilicheka na wenzangu, na nilihisi vibaya kama mtu aliyevaa kiatu cha marehemu.

Wiki tatu baadaye, Jumatatu asubuhi, kabla sijaanza rejista, darasa lilinyamaza ghafla. Felista alikuwa amesimama mlangoni. Sare yake ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi, na ilikuwa imekuwa fupi. "Mwalimu, nimerudi," akasema. "Mama amepona." Nyokabi akasimama. Hakuna aliyemwambia kitu. Alifunga kitabu, akakinyoosha sawasawa katikati ya nafasi yake kwa kuwa kilikuwa cha shule, akaweka penseli juu yake kwa sababu ilikuwa ya dada yake, akatoka nje ya dawati. Alipita katikati ya wenzake, kichwa chini, hatua za kawaida, akielekea mlangoni. Mwenyewe amekuja, debe linatoka. Hakulia. Angelia ingekuwa afadhali kwangu.

"Wewe, rudi ukae." Madam alikuwa barazani, nyuma ya Felista. Alikuwa amemwona akiingia langoni. Nyokabi akasimama katikati ya chumba, asijue aende wapi. "Huyu mkubwa ataenda nyumbani," Madam akaniambia kwa sauti ya chini, "aje Januari. Nitampatia kiti mimi mwenyewe. Ni miezi mitatu tu, Mwalimu. Inspekta akija na kukuta sura nyingine, umeenda, na mimi nimeenda." Na alikuwa na haki, ndilo jambo ninalotaka Okumu alielewe. Ni miezi mitatu tu. Lakini nilimtazama Felista usoni, na niliona kwamba alikuwa amekwisha kuelewa na anageuka taratibu, na nilijua aendako. Si Kangemi. Ile nyumba ya Lavington ilikuwa bado na mtoto wa kubebwa. Januari angekuwa na miaka kumi na mshahara, na nani angemrudisha?

"Felista, kaa mahali pako," nikasema. "Nyokabi, njoo hapa." Nilimwinua nikamkalisha kwenye kiti changu, mbele ya meza ya mwalimu. Nikafungua rejista, nikashuka chini kabisa, chini ya jina la themanini na nne, nikafungua kalamu.

"Mwalimu Wekesa," akasema Madam. "Ukiandika hiyo jina na tarehe ya leo, hiyo barua iko kwa koti yako itarudi ilikotoka. Nitairudisha mimi. Fikiria vizuri."

Nilifikiria. Nilifikiria Wafula na kuku wake, na lile birika la kahawa, na nilikuwa naogopa kiasi kwamba niliona ukurasa umefanya ukungu. Kisha nikamwuliza mtoto jina lake lote, kwa sababu sikulijua. "Tabitha Nyokabi," akajibu kwa sauti ndogo. Nikaandika, kwa wino, namba themanini na tano, na tarehe ya siku ile. Madam alinyosha mkono. Nikatoa barua nikampa, akaikunja mara mbili, akaondoka bila kufunga mlango. Novemba mkaguzi aliporudi nilimwonyesha wote wawili, nikapata maneno ambayo sitayarudia mbele ya wajukuu, na Madam akapewa onyo la maandishi. Desemba Madam alinitilia sahihi mkataba mwingine hivyo hivyo, na sikuwahi kuelezwa kwa nini. Chuo nilikwenda baada ya miaka miwili, na fomu aliijaza yeye, hakuinua macho.

Lakini asubuhi ile sikuwa nalijua hata moja kati ya hayo. Nilijua tu kwamba watoto themanini na watano wananitazama. Nikachukua kitambaa, nikafuta namba zote kwenye madawati, dawati kwa dawati. Kisha nikaita rejista kwa majina, na kwa kila jina niliinua macho nikangoja hadi nimwone mwenyewe usoni. Kengele ya kipindi cha pili ililia nikiwa bado katikati, sikuacha. Felista aliitika, akaketi wima kama mtu anayepigwa picha. Nikafika chini kabisa.

"Tabitha Nyokabi."

Alikuwa kwenye kiti changu, miguu haifiki sakafuni, naye kama wengine wote alikuwa amegeuka kuangalia nyuma ya darasa, akimtafuta huyo anayeitwa. Dada yake alimwashiria kwa mkono. "Ni wewe," akanong'ona. "Anaita wewe." Aligeuka akaniangalia kuona kama ni kweli, nami nikangoja, hadi aliposhuka kwenye kiti, akasimama, akasema, "Present, teacher."